Mtapo si Mtende

Nataka kuwateta watu wa kwetu, na wasomaji wasinikasirikie, maana nawateta kwa kuwapenda. Shauri langu ni la jina la mti mmoja. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mwalimu huyu hana kazi, watu wanalima, yeye anabishana juu ya jina la mti." Hao nawaomba wasome mpaka mwisho, ndipo wacheke.

Mti wenyewe ni mtapo. Ndilo jina lake katika Kiswahili tangu zamani, na kamusi zinalo. Lakini ukimwonyesha kijana mti huu leo atakuambia kwamba ni mtende. Mwingine atasema ni mnazi mwitu. Naye aliyekaa mjini atasema ni pamu, neno aliloliokota kwa wauza miche. Majina hayo yote matatu ni ya uongo, na neno langu katika makala hii ni moja tu: jina la uongo hudhuru. Humdhuru mwenye njaa alaye asichokijua; huudhuru mti, ambao umebaki mchache; tena hutudhuru sisi wenye lugha, kwa kuwa hutupokonya maarifa ambayo wazee walituachia bure.

Kwanza tuujue mti. Mtapo una shina nene, lenye magamba ya makovu ya majani yaliyoanguka, na kileleni una shada la majani marefu yaliyopangwa kama makuti. Mtapo wa pwani yetu huweza kufika mita 6, nao hukua polepole sana, hata mti wa kimo cha mtu mzima huenda ukawa mkongwe kuliko babu wa mtu huyo. Kwa mbali, kweli, hufanana na mnazi mfupi au mtende. Lakini sogea karibu. Majani ya mitapo ya bara ni magumu kama ngozi kavu, na vijani vyake vina miiba pembeni. Tena tazama katikati ya shada lile: hutaona kole la maua wala shazi la tende. Utaona koni kubwa, jamaa ya ile ya msonobari, yenye magamba yaliyobanana. Mti mmoja huzaa koni za kiume zenye unga wa mbegu, na mti mwingine huzaa koni za kike zenye mbegu zilizovikwa nyama nyekundu. Wadudu wadogo, jamaa ya fukusi, ndio wapelekao ule unga kutoka mti mume hata mti mke.

Basi mtapo hauna ua, wala hauna tunda la kweli. Jamaa yake ilikuwako duniani kabla ya mimea yote itoayo maua, nao wataalamu huihesabu miaka yake kwa mamilioni mia na mamilioni mia. Mtende ni mgeni wa jana mbele yake. Kuuita mtapo mtende ni sawa na kumwita popo ndege kwa sababu ameonekana akiruka.

Nitajibiwa, "Mwalimu, sisi twaita kwa sura, kila chenye kuti ni mtende." Nami nauliza, desturi hiyo tumeitoa wapi? Haikuwa ya wazee. Wazee wa pwani na wa bara hawakuwa na haja ya jina moja la kuikusanya miti yote yenye sura ya makuti, kwa sababu kila mti waliujua kwa kazi yake. Mnazi hutupa nazi na makuti. Mkindu hutupa ukindu wa mikeka. Mkoche hutupa miyaa ya vikapu. Mchikichi hutupa mawese. Mpopoo hutupa popoo. Mwale hutupa fito nyepesi za kujengea, na mvumo hutupa magogo. Mwanamke asukaye mkeka hawezi kukubali umletee makuti ya mnazi ukamwambia, "Yote ni mitende tu." Atakufukuza, na haki ni yake. Lugha yenye majina mengi hivi si lugha maskini. Umaskini umo kwetu, tuliorithi ghala iliyojaa, kisha tukaombaomba kwa jirani.

Sasa niseme habari ya madhara, nisije nikadhaniwa napigania maneno matupu.

Dhara la kwanza ni la tumbo. Tende ni chakula, na nazi ni chakula, na hata mtoto mdogo ajua hivyo. Basi ukimwambia mtoto kwamba mti huu ni mtende, au mnazi mwitu, umemwambia pasipo kutaka kwamba mbegu zake zaliwa. Lakini mbegu za mtapo zina sumu, nayo hulishika ini. Ni kweli kwamba watu wa pwani, wakati wa njaa, walikula unga wa mtapo. Lakini hawakuchuma wakala. Walijua kukata, kukausha, kuloweka kwa siku nyingi, kutwanga na kungoja, na kazi ile ilikuwa na wanawake walioijua kama fundi ajuavyo chuma. Maarifa yale yalishikamana na jina. Aliyesikia "mtapo" alisikia pamoja nalo "ngoja kwanza". Aliyesikia "mtende" hasikii onyo lo lote. Wala mtu asijaribu kazi ile leo kwa kusikia tu au kwa kusoma gazetini. Wengi walioijua wamekwisha lala makaburini.

Kama hamniamini mimi, sikieni habari ya mtu mkubwa. Huko Afrika ya Kusini, mwezi wa Oktoba mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, kikosi cha Jenerali Jan Smuts kilikuwa katika milima ya Zuurberg, kikiwindwa na kushikwa na njaa. Askari wakaona mti wa jamaa ya mtapo, ambao wenyeji waliokuja kutoka Ulaya waliuita kwa jina la mkate wa Wakhoikhoi, nao Wakhoikhoi wenyewe waliitwa kwa jina la dharau. Wakasema, "Mkate huo!" Wakala mbegu. Wengi wakaanguka kwa maumivu, na Smuts mwenyewe aliugua hata wakadhani atakufa. Deneys Reitz, aliyekuwamo katika kikosi kile, aliandika habari hiyo katika kitabu chake Commando, kilichochapwa mwaka 1929. Smuts akapona. Naye ndiye yule yule aliyekuja kwetu miaka 15 baadaye, akiwa jemadari wa majeshi ya Waingereza, na majeshi yake yakaingia mjini Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wazee wetu walimwona kama mtu asiyeshindwa. Hawakujua kwamba aliwahi kushindwa na mbegu chache za mti.

Tazameni jinsi kosa lile lilivyotokea. Wakhoikhoi walijua namna ya kuutengeneza mkate wao katika kiini cha shina. Wageni walichukua neno "mkate" wakayaacha maarifa. Hata jina la kitaalamu la jamaa hii ya mitapo limebeba mkate ule ule: ni Encephalartos, lililowekwa na Mjerumani Lehmann mwaka 1834 kwa maneno ya Kiyunani, na maana yake ni mkate ulio ndani ya kichwa. Jina zuri, lakini mwenye njaa akilisikia peke yake laweza kumtia kaburini. Nasi tunafanya lile lile tunaposema mtende.

Dhara la pili lagusa kanisa, na hapa naomba wazee wa kanisa wanivumilie. Kila mwaka, Jumapili ya Matawi inapokaribia, watoto hutumwa kutafuta matawi ya mitende, kwa kuwa Injili ya Yohana, katika mlango wa 12, yataja mitende. Sasa milimani kwetu Uluguru, mtende wenye tende utaupata wapi? Mti ule ni wa nchi kavu zenye jua kali. Basi mtoto, akiwa amefundishwa kwamba kila chenye kuti ni mtende, hurudi na cho chote: kuti la mnazi, jani la mchikichi, ukindu, au jani la mtapo, kwa kuwa ni gumu, halinyauki upesi, na hupendeza mkononi. Mkindu ukikatwa majani machache haudhuriki sana, tena ni ndugu halisi wa mtende. Wataalamu wameiweka miti hiyo miwili katika ukoo mmoja. Lakini mtapo hutoa majani kwa pumzi moja, shada zima kwa wakati wake, kisha hukaa muda mrefu kabla ya kutoa tena. Ukiunyoa shada lile, umeula akiba ya mwaka. Ukifanya hivyo mwaka hata mwaka, umeuua pole pole, huku ukiimba.

Mtu asiseme kwamba mwalimu anataka kuondoa matawi kanisani. La, hasha! Nataka yawe matawi ya haki. Huko Amerika ya Kusini, katika nchi ya Kolombia, liko jambo tuwezalo kujifunza. Milimani kwao hukua mti wa jamaa ya minazi, mrefu kupita jamaa zake wote duniani, na shina lake hutoa nta. Watu waliukata kwa ajili ya Jumapili ya Matawi, hata ukapungua, na kasuku mwenye masikio ya manjano, azaliaye katika mashina yake, akakaribia kwisha. Mwaka 1985 mti ule ukatangazwa kuwa mti wa taifa, na baadaye kanisa lenyewe likashirikiana na watu wa misitu kuwaambia waumini washike majani mengine. Ibada haikupungua hata kidogo. Je, Wakristo wa Kolombia wametupita kwa akili? Mkindu tunao, mnazi tunao, mchikichi tunao. Kilichotupungukia ni kuujua huu kwa jina lake na ule kwa jina lake.

Dhara la tatu ni kubwa kuliko hayo, nalo lipo mkoani petu. Mtu akisimama juu ya Uluguru siku isiyo na ukungu akatazama kaskazini, ng'ambo ya bonde la mto Wami, huko ndiko iliko milima ya Nguru, na karibu nayo, katika wilaya ya Mvomero, uko mlima wa Kanga. Juu ya mlima ule, penye miamba, hukua mtapo usiojulikana kuota mahali pengine po pote duniani. Watu wa huko walipita chini yake vizazi na vizazi. Lakini haukuandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea kuwa aina ya peke yake mpaka mwaka 2007, ulipoelezwa na Tamás Pócs wa Hungary, aliyekuwa akifundisha zamani hapa Morogoro, pamoja na Quentin Luke wa Kenya. Wakaupa jina la mlima, Encephalartos kanga. Haukupita muda ukahesabiwa katika daraja ya mwisho ya hatari, daraja ya viumbe vilivyo karibu kabisa na kutoweka.

Wasomaji wapendwa, fikirini jambo hili. Mti ulikuwapo kabla ya Wajerumani, kabla ya Waarabu, kabla ya wazee wetu kufika, na ulimwengu umejua habari zake mwaka 2007! Na moto unaowashwa bondeni na mwindaji au mkulima hupanda mlimani bila ruhusa ya mtu. Mtapo mzima huweza kustahimili moto, maana shina lake ni kama ngao. Lakini miche yake huungua yote. Mlima ukiungua kila mwaka utabaki na wazee wasio na watoto. Na awashaye moto ule husema nini moyoni? Husema, "Juu kule kuna vimitende tu."

Hapa husimama mtu wa pili wa kubishana nami. Yeye husema, "Majina ni kazi ya wataalamu wa Ulaya. Wamekwisha kuupa mti jina la Kilatini. Sisi tutaongeza nini?" Mtu huyu anenaye hivi hajatazama majina yenyewe. Mtapo wa pwani umeitwa hildebrandtii, kwa Mjerumani Hildebrandt aliyekusanya mimea Afrika ya Mashariki katika karne ya 19. Jina hilo lilitolewa mwaka 1874. Mtapo mmoja wa Usambara umeitwa sclavoi, kwa jina la Mfaransa. Mtapo wa Mpanda umeitwa delucanus, kwa jina la Mtaliani. Sina ugomvi na mabwana hao. Walifanya kazi yao kwa juhudi. Lakini katika jina la Hildebrandt mtoto wa Kitanzania atajifunza nini juu ya mti? Jina lile lamwambia nani aliuchukua. Halimwambii kama unaliwa, wala unakua wapi, wala nani waliukaa nao.

Sasa tazama upande wa pili. Huko Taita, nchini Kenya, katika vilima vya Maungu, uko mtapo ulioandikwa vitabuni mwaka 1989. Wataalamu walioueleza waliwasikiliza wenyeji, wakakuta Wataita wana jina lao, kisambo. Wakalitwaa jina lile wakaliandika katika jina la Kilatini, nao ukawa Encephalartos kisambo. Mpaka mwisho wa dunia, mtaalamu wa Japani au wa Marekani akitaka kuutaja mti ule hana budi kutamka neno la Kitaita. Kwa nini? Kwa sababu Wataita hawakulitupa jina lao. Lau wangalisema, "Huu ni mtende tu," pangalikuwa na nini cha kuandika? Asiye na neno kinywani hataandikiwa neno lake kitabuni.

Tena jina la Kilatini ni la vitabu, bali jina la nyumbani ndilo linalofika shambani. Mlinzi wa msitu akipiga mbiu, "Msikate Encephalartos!" nani atamsikia? Akisema, "Msikate mtapo," kila mtu amesikia, ikiwa tu watu wajua mtapo ni nini. Mitapo ya ukoo wa Encephalartos yote, pasipo kuacha hata mmoja, imewekwa katika orodha ya kwanza ya mapatano ya CITES, yaliyotiwa sahihi mjini Washington mwaka 1973, yakikataza biashara ya kimataifa ya miti iliyong'olewa porini. Sheria hiyo ni nzuri. Lakini sheria imlindayo asiyejulikana kwa jina ni kama barua isiyo na anwani.

Tena msidhani kwamba palipo na mti mmoja pana kabila zima. Nimekwisha kusema kwamba mtapo una mume na mke. Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye huko Uzulu, Medley Wood aliona kundi la mashina ya mtapo mmoja, na yote yalikuwa ya mti mume. Watu wametafuta mke wake mwaka baada ya mwaka, hawajampata. Shina la mwisho liliondolewa msituni mwaka 1916. Leo mti ule wakaa katika bustani za dunia, vipande vya mwili mmoja, mume asiye na mke, atoaye koni kubwa za fahari zisizokuwa na kazi. Hauwezi kuzaa mtoto wa aina yake. Hiyo ndiyo njia iliyo mbele ya mtapo wa Kanga, tukikawia.

Sasa namjia mtu wa tatu, naye ana hoja yenye nguvu, nami sitaipita kwa hila. Yeye husema, "Mwalimu, ukiutangaza mti adimu umewaita wezi. Afadhali watu waendelee kuuita mtende, wasijue thamani yake." Ni kweli kwamba wako wakusanyaji huko nje walipao fedha nyingi kwa mitapo, na mitapo mingi ya Afrika ya Kusini imeibwa usiku. Lakini je, ujinga wa wenyeji umewahi kumzuia mwizi? Tutazame mfano wa kwetu Uluguru. Chini ya milima hii, upande wa mashariki, uko msitu wa Kimboza, na ndani yake hukua mkadi, mti mwingine wenye majani marefu ambao mpita njia huudhania kuwa jamaa ya minazi, nao si jamaa yake. Katika majani ya mkadi ule hukaa mjusi mdogo, na dume lake ni la rangi ya samawati inayong'aa. Mjusi huyo hapatikani duniani ila Kimboza na misitu michache ya karibu. Wageni wa mbali walimjua kwa jina, walimjua kwa bei, wakamtaka. Wakamataji wakaingia msituni wakamnasa kwa maelfu, na mara nyingi waliikata mikadi ili wamfikie. Ni mwaka 2017 tu ndipo alipoanza kulindwa kwa orodha ile ya kwanza ya CITES. Ujinga ulimsaidia mjusi yule? Haukumsaidia. Mwizi alijua, mwenye mali hakujua. Na huo ndio wizi ulio rahisi kuliko wote.

Basi nasema, tutenge mambo mawili. Kuujua mti ni jambo moja, na kuonyesha njia ya kuuendea ni jambo jingine. Kila mtoto wa Morogoro aujue mtapo, lakini mtu asimwongoze mgeni asiyekuwa na kibali hata mahali ulipo. Mwenye nyumba ajua idadi ya mbuzi wake, wala hausimulii mlango wa zizi lake sokoni.

Yuko na mtu wa nne, asemaye, "Njaa, karo na barabara mbovu vimetulemea, mti utatusaidia nini?" Namjibu kwa upole, kwa kuwa mzigo wake naujua. Ndugu yangu, sikukuomba fedha. Sikukuomba uache shamba. Nimekuomba neno moja, nalo halina bei. Uluguru ndiyo mama wa mto Ruvu, unaonyweshwa mpaka Dar es Salaam. Nasi twajua jinsi mito inavyopungua kilima kinapovuliwa nguo. Kilima hakivuliwi kwa siku moja. Huvuliwa na watu wasemao "mti tu", "majani tu", "vimitende tu". Neno hilo "tu" limeua misitu mingi kuliko shoka, maana shoka hungoja neno hilo litamkwe kwanza.

Nini basi tufanye? Nayataja machache, kila mtu atwae lake.

Walimu, msiridhike mtoto anaposema "mti wenye makuti". Mwulizeni: je, una koni au una kole la maua? Kijani chake kina miiba pembeni au hakina? Mfundisheni kwamba mtapo wa bara, Encephalartos, hauna mshipa mmoja katikati ya kijani chake, bali mishipa mingi midogo iendayo sambamba. Na kwamba mtapo wa visiwani na ufukoni, uitwao Cycas, una mshipa mmoja katikati. Yote miwili pwani huiita mtapo, nayo ni ndugu. Lakini mtoto akijua kutofautisha ndugu wawili hataweza tena kuwachanganya na mgeni.

Wazee, msiyazike majina pamoja nanyi. Waluguru, Wanguu, Wakaguru, Wazigua na Wakutu, kila watu walioishi karibu na mti wana haki ya kuuita kwa lugha yao, kama Wataita na kisambo chao. Waambieni wajukuu, na wajukuu waandike katika madaftari ya shule: jina, mahali, matumizi, na onyo. Jina lisiloandikwa huzikwa bila matanga.

Wazee wa kanisa, kabla ya Jumapili ya Matawi semeni waziwazi: leteni mkindu, leteni kuti la mnazi, leteni jani la mchikichi, mtapo uacheni mlimani.

Nanyi wauza miche, mnaouza mtapo mdogo wenye asili ya Japani kwa jina la pamu, semeni kweli kwa mnunuzi. Mwambieni ni mtapo wa Kijapani, mbegu zake zina sumu, watoto wasizichezee. Hamtapoteza mnunuzi, na pengine mtaokoa mtoto.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba kazi ya kwanza aliyopewa Adamu kwa kinywa chake ilikuwa kuwapa wanyama majina. Hakuambiwa awaite wote kwa jina moja apate kumaliza upesi. Alisimama mbele ya kila mmoja, akamtazama, ndipo akanena. Kazi ile haijaisha. Katika milima yetu imebaki nusu, na nusu nyingine tunaiharibu kwa uvivu wa ulimi.

Basi mwenye kutaka kunijibu na ajibu katika gazeti hili, nitafurahi kusoma. Lakini ajibu akiwa amekwisha kwenda kuutazama mti wenyewe kwa macho yake, na kumwuliza mzee wa kwao unaitwaje. Akirudi na jina, hata kama ni kwa ajili ya kunishinda, mtapo utakuwa umepata rafiki mmoja zaidi, nami nitakuwa nimeshinda.